Je, Kuna Nini Katika Chungu cha Mzazi?



Leo nataka kusema nawe juu ya chungu. Usicheke. Twajua kujilinda na homa, na minyoo, na maji machafu. Lakini chungu cha mama aliyezaa ni jambo la uzima na mauti kama hayo mengine, na watu wengi wa kanisa hawalifikiri mpaka siku mtoto anapolia nyumbani.

Unakumbuka habari za nabii Eliya katika 1 Wafalme, sura ya 19. Alikuwa amechoka hata akaomba afe, akalala chini ya mti jangwani. Malaika alipokuja, alimfanyia nini kwanza? Hakumhubiri. Hakumwuliza kwa nini amekimbia. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa, na maji, akamwamsha ale. Kisha akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili, akamlisha tena. Baadaye ndipo Mungu akasema naye. Habari hiyo nilijifunza katika shule ya Biblia, nikaifundisha mara nyingi, lakini sikuifahamu mpaka mama mmoja wa hapa Keshero aliponifundisha.

Mama huyo alizaa mtoto wake wa tatu. Alizaa vizuri, akarudi nyumbani siku ya pili. Siku ya nne nikaenda kumtembelea, kama ilivyo desturi yetu. Tuliimba, nikasoma Neno, nikaomba. Nikamtazama mtoto: kitovu kikavu, ananyonya kwa nguvu. Nikafurahi. Nilipokuwa nikitoka niliona chungu kimelazwa kifudifudi juu ya mawe, na mbabula baridi, hali ilikuwa saa saba ya mchana. Niliviona kwa macho yangu. Nikapita.

Siku ya kumi mume wake akamleta hospitali. Damu ilikuwa imeanza kumtoka tena kwa wingi, na viganja vyake vilikuwa vimepauka kama karatasi. Daktari alikuta kipande cha kondo kimebaki ndani, akakiondoa. Lakini mwili ule haukuwa na akiba ya damu ya kupoteza. Tangu siku ya tano alikuwa amerudi kupanda kutoka ziwani na bidoni ya lita 20 mgongoni, naye hajashiba. Pamoja naye alikuja mtoto wake wa pili, wa mwaka mmoja na nusu, miguu imevimba.

Wote wawili walipona, Mungu asifiwe. Alipopata nguvu nilimwuliza, “Mama, mbona hukuniambia?” Akanijibu polepole, bila hasira: “Mama muuguzi, siku ile ulipokuja kuomba, tulikuwa hatujala tangu jana yake. Niliona haya kusema. Na wewe hukuuliza.”

Tangu siku hiyo, nikiingia katika nyumba ya mzazi, kwanza natazama chungu, ndipo nafungua Biblia. Basi, tujifunze pamoja jinsi ya kutayarisha chakula cha nyumba kabla mtoto hajaja.

MWILI WA MZAZI UNAHITAJI NINI?

Wengi hudhani kwamba mtoto akiisha kuzaliwa, kazi ya mwili imekwisha. Sivyo. Zamani mama alimlisha mtoto tumboni. Sasa anamlisha kwa maziwa, na kazi hii inataka chakula kingi kuliko mimba yenyewe. Zaidi ya milo mitatu ya siku, mzazi ale tena mara moja au mbili katikati. Kila anaponyonyesha, kikombe cha maji safi au cha uji kiwe karibu naye.

Katika sahani yake kuwe na vyakula vya namna tatu:

Vyakula vya kutia nguvu: bugali, viazi, ndizi, wali, mafuta.

Vyakula vya kujenga mwili: maharagi, soya, karanga, sambaza, mayai, maziwa yaliyochemshwa, jibini ya Masisi, nyama ikipatikana.

Vyakula vya kulinda mwili: sombe, lengalenga, karoti, mawese, papai, marakuja, machungwa.

Bugali peke yake hujaza tumbo, lakini hakurudishi damu. Maharagi na majani ya kijani husaidia kurudisha damu, na tunda la marakuja au chungwa likiliwa pamoja nayo husaidia zaidi. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia kazi hiyo. Ingojwe saa moja. Na vidonge vya damu alivyopewa hospitali avimeze mpaka viishe.

Katika nyumba nyingine bibi wakubwa humkataza mzazi mayai. Wazee wetu twawaheshimu, lakini yai halimdhuru mzazi, lamjenga. Wengine humpa kasiksi au pombe ya mtama wakisema inaleta maziwa. Si kweli. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi, mchana na usiku, na mama kula na kupumzika. Pombe huingia katika maziwa, na mtoto huinywa pia.

Tena sikia neno hili: chakula tunachosema ni cha mama na cha nyumba. Si cha mtoto mchanga. Yeye anyonyeshwe katika saa ya kwanza, apate yale maziwa mazito ya manjano, maana ndani yake mna kinga ya magonjwa. Kisha apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6: si maji, si maji ya sukari, si uji, si dawa ya majani. Dawa aliyoandika daktari tu ndiyo yaruhusiwa. Tukimlisha mama, tumemlisha mtoto.

AKIBA YA MIEZI MITATU

Yusufu katika Misri hakungoja njaa ianze ndipo aanze kujenga ghala. Aliweka wakati wa shibe. Fanya hivyo nawe. Mimba inapofika mwezi wa sita, tafuteni ndoo mbili au tatu zenye vifuniko, mziweke juu ya ubao, mbali na panya na unyevu. Nyumba ya watu watano itafute vitu hivi polepole:

1. Maharagi makavu, kilo 10. Ukiweka kilo moja kila juma, utazipata kabla ya siku ya kuzaa.

2. Unga wa sosoma, kilo 5. Changanya mahindi mafungu mawili, mtama fungu moja, soya fungu moja. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, maana soya mbichi husumbua tumbo. Unga huu usagwe katika mwezi wa mwisho, kwa sababu ukikaa sana hugeuka ladha.

3. Sambaza wakavu, kilo 2. Samaki hawa hawakuwamo katika Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ni msaada mkubwa kwa nyumba zetu, kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa yao. Ukiwakausha mwenyewe, watandaze juu ya chandarua kilichoinuliwa toka chini, uwafunike nzi wasitue, uwageuze mpaka wakatike kwa kidole.

4. Karanga, kilo 2. Zile zenye ukungu au uchungu zitupe, zina sumu. Usiseme, “Nitaziosha.” Sumu haitoki kwa maji.

5. Mawese, chumvi yenye yodi, sabuni, na gunia moja la makala.

Unga wa bugali mtanunua kama kawaida, lakini juma la mwisho uwepo wa siku 14. Lengalenga na karoti zinunuliwe mbichi siku kwa siku. Hapa Keshero udongo ni haba juu ya mawe ya volkano, lakini gunia la udongo karibu na mlango laweza kuotesha lengalenga za kutosha chungu kimoja.

Labda wasema, “Mama muuguzi, sisi ni maskini, tutapata wapi?” Nakujibu: wamama wengi wanacheza likelemba kwa ajili ya vitambaa. Chezeni likelemba ya mzazi. Kila mmoja atoe kidogo, na anayekaribia kuzaa apokee ndoo iliyojaa badala ya fedha.

KAPU LA JOTO

Makala ni ghali, na mzazi hawezi kukaa mbele ya mbabula saa tatu akingoja maharagi. Basi fanya hivi.

Jioni loweka maharagi katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, tia maji mapya, chemsha kwa nguvu dakika 30. Usipunguze kuchemka huku, maana maharagi yasiyochemka vizuri yana sumu ya kuumiza tumbo. Tena mji wetu uko juu, karibu mita 1500, na maji yetu huchemka kabla hayajafikia moto wa maji ya pwani. Kisha funika chungu vizuri, ukitie, kingali kinachemka, katika kapu kubwa lililojazwa blanketi kuukuu au majani makavu ya migomba. Funika juu kwa mto au nguo nene. Usifungue. Baada ya saa nne maharagi yatakuwa yameiva bila makala hata moja. Yarudishe motoni yachemke, tia chumvi, mawese na sambaza, ule.

Sombe haiendi katika kapu. Sombe itwangwe vizuri sana, ichemshwe muda mrefu bila kifuniko, ili sumu ya majani ya muhogo itoke pamoja na mvuke.

Chakula kilichobaki kisikae wazi zaidi ya saa mbili. Kama huna baridi ya kukiweka, pika cha kuliwa siku ile ile. Maharagi yaliyobaki jioni yachemshwe tena, yafunikwe yakiwa moto bila kufunguliwa, na asubuhi yachemshwe tena kabla ya kuliwa. Yakibadili harufu au yakitoa povu, mwaga. Hasara ya maharagi ni ndogo kuliko hasara ya mtu.

Maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yanaonekana maangavu. Mji huu hauwezi kusahau kolera ya Julai 1994.

KAMA UNA FRIGO AU KONGELATERI

Siku hizi nyumba kadha wa kadha zina umeme, na wengine wana sanduku la kugandisha. Hicho ni kipawa kizuri. Mama mwenye nacho aweza kupika katika mwezi wa mwisho vyungu vya majuma mawili: maharagi, sombe, mchuzi wa nyama na karoti. Lakini ashike sheria hizi:

Chakula kipoe upesi, katika vyombo vipana visivyo na kina, na kiingie baridini kabla ya saa mbili kupita.

Kigawe kwa mlo mmoja mmoja, katika vyombo safi vyenye kifuniko, uandike tarehe juu yake.

Ndani ya frigo kikae siku 3 au 4. Ndani ya kongelateri, penye baridi ya digrii 18 chini ya sifuri, chaweza kukaa miezi 2 au 3.

Kitoe usiku na kukiweka katika frigo kiyeyuke polepole, au kitie moja kwa moja katika chungu. Usikiache mezani kutwa. Kichemke mpaka katikati. Kilichokwisha kuyeyuka kisigandishwe tena.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Frigo hushika baridi kama saa 4. Kongelateri iliyojaa kama saa 48, ya nusu kama saa 24. Nyama iliyoyeyuka ikiwa ingali baridi kama ya frigo, ipike mara moja. Kama imepata joto, itupe.

Lakini usitie akiba yote ndani ya sanduku hilo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulitapika moto, na siku tano baadaye watu wa mitaa 10 ya mji wakaamriwa kuondoka; wengi wakafuata njia ya Sake. Na mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika. Hakuna awezaye kubeba kongelateri kichwani. Lakini mfuko wa sosoma na sambaza wakavu hubebwa pamoja na mtoto. Kwa hiyo hata mwenye umeme aweke ndoo.

MTOTO ANAYESAHAULIWA

Wageni wote humtazama mtoto mchanga. Ni nani anayemtazama yule aliyekuwa kifuani mwaka jana?

Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika katika miaka ya 1930 juu ya ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu, nywele zikipauka, ngozi ikibanduka, mtoto akikaa kimya na kukataa kucheza. Akautaja kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, na maana yake, alisema, ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mwingine anapozaliwa. Hapa Kivu twauita bwaki. Watu wengine husema ni kurogwa. Sivyo. Mara nyingi mtoto huyu ameachishwa maziwa, akapewa bugali na maji ya mboga tu, na mama hana tena nguvu za kumwangalia.

Yule mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyevimba miguu alikuwa na bwaki. Alipewa maziwa na chakula hospitali kwa majuma mengi, akaanza kucheka tena.

Kwa hiyo, unapomtayarishia mzazi chakula, mtayarishie na huyu. Awe na sahani yake mwenyewe, maana katika sahani moja na wakubwa mkono wake mdogo haufiki. Ale mara tano kwa siku: uji wa sosoma, maharagi yaliyopondwa, sambaza waliosagwa, yai, parachichi. Akivimba miguu, usingoje. Mlete hospitali siku ile ile.

KAZI YA BABA, KAZI YA KANISA

Baba wa nyumba, neno hili ni lako pia. Kuteka maji si aibu kwa mwanamume. Kabla mama hajarudi kutoka nyumba ya uzazi, bidoni zijae, makala yawepo, na mtu wa kupika ajulikane kwa jina. Katika majuma sita ya kwanza mzazi asibebe mizigo mizito. Kama alipasuliwa, asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake.

Na wewe, ndugu wa kanisa: Tabitha wa Yafa, katika Matendo sura ya 9, alisifiwa na wajane kwa kanzu alizowashonea. Walizishika mikononi, wakamwonyesha Petro. Je, mzazi wa mtaa wako ataonyesha nini?

Chama cha wamama kiandike majina 14, kila jina na siku yake. Kila nyumba ilete chungu kimoja. Kiletwe kingali moto, kimefunikwa, na mpishi ameosha mikono kwa sabuni. Mwenye kuhara asipike siku hiyo. Mwingine ashike zamu yake. Anayeleta asikae sana. Aweke chakula, amchotee maji, aoshe vyombo, aombe kwa maneno machache, aende, mama alale. Wala msimwulize, “Una haja ya kitu?” Atasema hapana, kwa haya. Fungueni kifuniko mtazame.

ALAMA ZA HATARI

Chakula chema hakiponyi kila kitu. Mlete mzazi hospitali mara moja, hata usiku, ukiona: damu nyingi, homa, harufu mbaya ya uchafu unaomtoka, kichwa kuuma sana au macho kuona giza, kifafa, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, titi jekundu lenye maumivu na homa.

Mlete mtoto mchanga akiwa: amekataa kunyonya, ana moto, au ni baridi sana, anapumua mbiombio, ana macho na viganja vya manjano, ana kifafa, kitovu kina usaha.

Msingoje kukipambazuka ndipo mtafute chukudu. Namba ya mtu mwenye gari au pikipiki iandikwe ukutani kabla ya siku ya kuzaa.

Ndugu msomaji, yule mama angali jirani yetu. Sasa yeye ndiye anayeshika orodha ya zamu katika chama cha wamama. Sijamwona akisahau nyumba hata moja. Mwaka huu, mzazi mmoja alipomwambia, “Sisi tuko vizuri, mama,” alicheka kidogo, akapita mpaka jikoni, akainua kifuniko.

Nenda nawe ukafanye vivyo hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA CHAMA

1. Katika mtaa wenu, ni mama gani anakaribia kuzaa? Je, ana ndoo ya akiba?

2. Malaika alimfanyia Eliya nini kabla ya kusema naye neno jingine?

3. Kwa nini mtoto mchanga asipewe maji wala uji kabla ya miezi 6?

4. Ni nani nyumbani mwenu aliyeachishwa maziwa karibuni? Ana sahani yake?